Mdogo wangu alibaki kwenye pikipiki

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, nauza dagaa Mwaloni Kirumba na nimepanga Igoma. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 22. Nimemlea mwenyewe tangu mama atutoke, yeye akiwa darasa la nne. Nitamwita Dogo tu. Anaendesha bodaboda ya mkataba, kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri wake.

Wiki tatu zilizopita alirudi alfajiri, akakaa jikoni juu ya ndoo, akanyamaza. Nikadhani amegonga mtu. Nikampa chai, haikunyweka. Siku ya tano ndipo alipofunguka.

Jamaa mmoja wa kijiweni kwao alimwambia kuna dili la usiku mmoja, kazi yake kupeleka watu na kuwarudisha. Walikuwa wanne, pikipiki mbili. Wakaenda upande wa Igombe kwa mzee anayenunua mabondo ya sangara, yale mafuko ya hewa ya tumboni mwa samaki, ambaye inasemekana hela yake hailali benki. Makubaliano yalikuwa "tunamtisha, anatoa, tunasepa." Wawili waliruka ukuta. Dogo na dereva mwenzake wakabaki barabarani, taa wamezima, injini zinaunguruma. Akasikia mlinzi anapiga yowe. Halafu yowe likakatika. Walipotoka, mmoja alikuwa na begi, mwingine panga. Wa panga ndiye aliyepanda kwa Dogo. Mlinzi, mzee wa watu, alifia hospitali kesho yake.

Dogo alipewa laki na themanini na simu kubwa. Shangazi, sitakuficha. Elfu sabini nililipia kodi kabla sijajua zilikotoka. Simu yangu ilikuwa imevunjika kioo, akanipa ile, nikaweka laini yangu nikaitumia siku nne. Nilipojua nikaitoa laini, simu yenyewe iko chini ya gunia la dagaa. Jaketi lake lilikuwa na damu mgongoni. Nimelifua mara mbili.

Juzi mmoja wao kakamatwa. Mjomba anasema Dogo avushwe usiku apelekwe visiwani, ana kambi ya uvuvi huko, akae mpaka mambo yapoe. Dogo mwenyewe anasema, "Dada, mimi sijaua. Hata uani sijakanyaga." Nilimuuliza kama alijua wana panga. Kwanza alikataa. Jana usiku akasema aliona kitu kirefu ndani ya salfeti, ila hakuuliza. Anasema pia angegoma wangemtafuta wamfanyie kitu kibaya, wale si watu wa kuchezea.

Je, sheria inamhesabu muuaji? Na mimi je? Nimsikilize mjomba? Mwaloni siwezi kumuuliza mtu, maneno kule yanatembea kuliko mitumbwi.

Dada mtu, Igoma

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Nianze na lile unaloogopa kulisikia. Ndiyo, mtu anaweza kubaki barabarani ameshika usukani wa pikipiki, na bado akasimama kizimbani kwa kosa la kuua kwa kukusudia pamoja na yule aliyekata. Mimi si wakili. Nilikuwa karani wa mahakama hadi nilipostaafu, na maneno "mimi sikuingia ndani" nimeyaona kwenye majalada hadi yakanichosha macho. Wengi wanaoyasema wanayasema kwa dhati kabisa. Tatizo ni kwamba yanajibu swali ambalo sheria haikuuliza.

Sheria ya kwetu, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina vifungu viwili vilivyokaa jirani. Kifungu cha 22 kinamhesabu anayesaidia kosa kuwa naye kalitenda, na dereva anayesubiri taa zimezimwa ni msaidizi wa wazi. Kifungu cha 23 kinakwenda mbali zaidi. Watu wakiwa na nia ya pamoja ya kufanya jambo lisilo halali, na katika kulifanya likazuka kosa jingine ambalo kwa hali ya kawaida lingetarajiwa kutokana na jambo lile, kila mmoja wao anahesabiwa kuwa amelitenda hilo lililozuka.

Wewe ni mtu wa ziwa, ngoja nikupe mfano wa majini. Watu watatu wanatoka usiku kwenda kumpora mvuvi mashine ya boti yake. Mmoja anaendesha, wa pili anamulika tochi, wa tatu anampiga mvuvi kasia la kichwa, anaanguka majini, anazama. Aliyekuwa anaendesha hakumgusa mtu. Lakini alijua wanakwenda kumnyang'anya mwenzao kitu kinacholisha nyumba yake, na kwamba mvuvi haachii mashine kwa kuombwa vizuri. Kifo kile kilikuwa ndani ya safari tangu walipong'oa nanga.

Sasa geuza. Watatu haohao wanakwenda kuiba nyavu kwenye kambi wanayojua haina mtu. Njiani mmoja anakutana na hasimu wake wa siku nyingi, anamchoma kisu kwa ugomvi wao wa zamani. Hapo wenzake watajibu la nyavu. La kisu litamkalia mwenyewe, maana halikuzaliwa na mpango waliokubaliana.

Dogo wako yuko wapi kati ya mitumbwi hiyo miwili? Mwanangu, yuko karibu sana na ule wa kwanza. Ilikuwa usiku, nyumba ina ukuta, ina mlinzi, na ndani kuna hela ya mabondo. Neno "tunamtisha" lenyewe linamshtaki, kwa sababu wakili wa Serikali atasimama aulize kwa upole kabisa: mlikuwa mnamtisha kwa kutumia nini? Ndiyo maana nikisoma barua yako naona kwamba kile kitu kirefu kwenye salfeti ni kizito kuliko hata damu. Damu itasema alimbeba nani wakati wa kurudi. Salfeti inasema alijua nini wakati wa kwenda.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, hata waliosoma. Tunadhani kuua kwa kukusudia lazima uwe ulitaka mtu afe. Kwa sheria yetu, ile nia ovu inakamilika pia kama ulijua kitendo kinaweza kuleta kifo au madhara makubwa, na inakamilika hata pale nia ilipokuwa kutenda kosa jingine zito, lile ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka mitatu. Unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu yake haipungui miaka 30. Fanya hesabu mwenyewe.

Vijana siku hizi wanatazama kesi za ng'ambo kwenye simu, huenda Dogo au mshauri wake wa kijiweni akakwambia mambo haya yamekwisha kubadilika. Uingereza kweli yalibadilika. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya kule, katika kesi ya Jogee, ilisema kwamba kuona mapema kuwa mwenzako huenda akaua si sawa na kukusudia, ni ushahidi tu ambao unaweza kuonyesha nia. Vizuri. Lakini jaji wa Mwanza atafungua Sura ya 16, atasoma kifungu cha 23 kilivyoandikwa.

Hilo la kwamba angegoma wangemtafuta, naliamini kama hofu ya kweli. Kama utetezi halina nguvu. Kulazimishwa kunamwokoa mtu pale tu wenzake wanapomtishia kumuua au kumjeruhi vibaya papo hapo, na tishio hilo liwepo muda wote anaotenda. Tishio la "tutakuja kukutafuta" sheria inalikataa wazi. Na yeye alikuwa barabarani na pikipiki inaunguruma, wao wako ndani ya ukuta. Aliposikia yowe limekatika alikuwa na barabara nzima ya kwenda Mwanza mbele yake. Alisubiri.

Sisemi haya kukuumiza. Nataka uache kujifariji na uani ambao hakukanyaga, kwa sababu wakili wake atahitaji kitu bora kuliko hicho. Kesi ya namna hii haihukumiwi kwa mkumbo, kila mshtakiwa anapimwa peke yake, na upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha bila kuacha shaka ya maana. Mahakama ikibaki na shaka kama kifo kile kilikuwa cha kutarajiwa kwa mtu aliyekuwa nje, inaweza kumtia hatiani kwa kosa dogo kuliko kuua kwa kukusudia, au kumwachia. Maungamo ya huyo aliyekamatwa, hata akimtaja Dogo kwa majina yote matatu, peke yake hayatoshi kumtia hatiani. Kinachotisha ni yanapopata wa kuyashika mkono: mawasiliano ya simu za usiku ule, mtu aliyeziona pikipiki, na hilo gunia lako la dagaa.

Kabla sijafika kwenye gunia, niseme moja linalonikera. Barua yako ni ndefu, na yule mlinzi amepata mistari miwili, mmoja wa yowe na mmoja wa kufa. Naelewa kwa nini. Lakini Dogo akifika mbele ya watu wa sheria akazungumza hivyo, yeye kwanza, yeye katikati, yeye mwisho, watamwona mtu ambaye bado hajajua kilichotokea Igombe.

Haya, wewe. Kumsaidia mtu baada ya kosa, ukijua amelitenda, ili akwepe mkono wa sheria, ni kosa linalojitegemea. Kosa lenyewe likiwa la kuua kwa kukusudia, msaidizi wa namna hiyo anaweza kufungwa hadi miaka saba. Mke anayemsitiri mumewe sheria inamwangalia kwa jicho jingine. Dada hayumo, hata dada aliyelea. Na usidhani alichokueleza Dogo ni siri ya damu: unaweza kuitwa shahidi ukaulizwa alikwambia nini, na maneno mtu aliyomweleza ndugu yake kwa hiari mahakama inaweza kuyapokea.

Kila kitu chako kinakatwa na siku ya tano, siku aliyofunguka. Kodi uliyolipa kabla ya hapo uliilipa hujui, na kupokea mali ya wizi ni kosa la anayejua au mwenye sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi. Simu uliyotumia hujui, vivyo hivyo, ingawa utaulizwa kwa nini dereva wa mkataba anagawa simu kubwa. Lakini simu iliyo chini ya gunia leo imewekwa pale na mtu anayejua. Simu ina namba yake ya utambulisho, na laini yako imesajiliwa kwa kidole chako. Ukiitupa ziwani kumbukumbu za mtandao hazizami nayo, utakuwa umejiongezea kosa la kuharibu ushahidi tu. Usiitupe, usiiuze, usiiwashe. Mwambie wakili iko wapi, yeye ndiye atakayepanga ikabidhiwe vipi na kwa nani.

Mjomba wako namheshimu, na najua anatoa ushauri kwa uchungu. Zamani visiwa vilikuwa mbali. Sasa kila mwalo una simu, kila kambi ina mtu anayemjua mtu wa Kirumba, na kijana mgeni asiyejua kutengeneza nyavu anaonekana siku ya pili. Akikamatwa huko, kutoroka kwenyewe kutasomwa mahakamani kama dalili ya hatia, na mjomba atakuwa na jalada lake, pamoja na mwenye mtumbwi uliomvusha. Watatu badala ya mmoja. Mwambie mjomba hivyo, kwa adabu, na umwombe nauli aliyokuwa aitumie kwenye mafuta ya boti ichangie wakili.

Kuhusu wakili, usingoje. Ukweli ni kwamba wakili wa kulipiwa na Serikali humpata mshtakiwa wa mauaji asiye na uwezo kesi inapofika Mahakama Kuu, na huko ni mbali. Hatua ya polisi, ambako maelezo yanaandikwa, ndiko watu wengi wanajifunga wakiwa peke yao. Chama cha Wanasheria cha Tanganyika kina mawakili Mwanza, na tangu sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 kuna wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Hao hawamtetei mtu mahakamani, lakini wanajua mlango wa kugonga. Dogo azungumze na wakili kabla ya kuzungumza na mtu mwingine yeyote, na kwa wakili aseme yote, salfeti ikiwemo. Asianze na ile hadithi ya kwanza aliyokupa wewe. Nimeona kesi zilizoharibika kwa sababu wakili alisikia habari ya silaha kwa mara ya kwanza kutoka kwa shahidi wa Jamhuri.

Kisha waende kituoni pamoja, kwa miguu yao. Ana haki ya kuwa na wakili au ndugu wakati anahojiwa. Muda wa msingi wa mahojiano ni saa nne, ukihitajika zaidi lazima uongezwe kwa utaratibu. Hapaswi kupigwa wala kurubuniwa, na maelezo yasiyo ya hiari yanaweza kukataliwa. Akipelekwa kwa mlinzi wa amani, yaani ofisa aliyepewa na sheria kazi ya kuandika maungamo, ajue anachosema pale kina uzito mkubwa na kukiruka baadaye ni kazi. Mkurugenzi wa Mashtaka ana mamlaka ya kumgeuza mshiriki kuwa shahidi wa Jamhuri, au kukubali kosa dogo zaidi. Huo ni uamuzi wake, unaombwa na wakili kwa maandishi. Mtu yeyote atakayekuja Igoma kukuuzia njia hiyo kwa laki tano, mfunge mlango.

Dhamana usiiwaze. Kwa mauaji haipo, kwa unyang'anyi wa silaha haipo. Atakaa mahabusu, labda Butimba, na kesi za mauaji hazina haraka, kwanza zinapita mahakama ya chini ndipo zipelekwe Mahakama Kuu. Tafuta mapema namna ya kulea wanao na kupeleka chakula gerezani kwa mtaji huohuo wa dagaa, maana hilo hakuna atakayekusaidia kulipanga. Pikipiki nayo itashikiliwa kama kielelezo. Tajiri atakuja na hasira zake, mwelekeze kwa wakili.

Najua kuna neno ambalo hukuliandika. Ndiyo, adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa, jaji hana ya kuchagua. Tangu 1994 hakuna aliyenyongwa Tanzania, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ilisema mwaka 2019 kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu hiyo kunakiuka haki ya uhai. Lakini imo kwenye vitabu na bado inatamkwa. Usiku ukikosa usingizi kwa ajili ya hilo, kumbuka kwamba tofauti kati ya kosa hilo na jingine dogo zaidi inaweza kutoka kwenye yale Dogo atakayomwambia wakili wiki hii.

Nawe mtafute wakili wako, asiwe yuleyule wa Dogo, kwa sababu kinachomfaa yeye kinaweza kukuumiza wewe. Mweleze kodi, laini, gunia. Na jaketi: mwambie kwamba ulilifua mara mbili, na ile mara ya pili ilikuwa kabla au baada ya siku ya tano.